Kifaru cha Karatasi Nyumbani kwa Mkwe

Heshima ni kitu kizuri, lakini katika nyumba moja ya vyumba viwili pale Mubi, mashariki ya Kongo, heshima ilikaribia kuua watu wawili kwa njaa.

Wa kwanza alikuwa Mama Godelieve, aliyeshuka kutoka mlima wake wa Masisi baada ya vita kumchomea nyumba, akaja kukaa kwa binti yake Béata. Wa pili alikuwa Michel, mume wa Béata, mtoto wa msituni mwenye kibanda cha fotokopi kando ya barabara. Sasa kwao Masisi, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hamtazami usoni, hamwiti kwa jina, wala hamsemeshi. Neno lake lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Na kulala chini ya bati lake, hiyo ndiyo aibu kuliko zote. Basi kila Michel alipokuwa ndani, bibi alijificha nyuma ya pazia la kitenge, sahani yake ikapoa bila kuguswa. Michel akamwonea huruma, akaanza kutoka na chakula chake kwenda kulia kibandani, katikati ya moshi wa pikipiki. Bibi aliposikia kwamba mwenye nyumba amefukuzwa mezani pake kwa ajili yake, ndipo akakataa kula kabisa. Huyu amkimbia yule, yule amkimbia huyu, na bukari, ule ugali wa muhogo, ikawanenepesha kuku.

Hatimaye bibi akatangaza kwamba Jumamosi anaondoka.

“Mama anasema atapanda lori ya Noël, ule dereva,” Béata alimwambia mumewe huku analia. “Noël atamuacha njiani, halafu atapanda mulima kwa miguu. Anasema heri risasi ya kwabo kuliko bukari ya kwa mukwe.”

Na huko mlimani bunduki zilikuwa bado zinalia, kila mtu alijua. Michel alikosa raha. Alimpenda yule bibi, tusifichane. Alipokwenda Masisi kuposa, kijana asiye na ng'ombe hata mmoja, wajomba wote walimkataa, na ni Mama Godelieve aliyesimama akasema mtoto huyu ana mikono mizuri, mpeni. Angetaka kupiga magoti mbele ya pazia na kumwomba abaki. Lakini mkwe gani hufanya hivyo?

“Analilia nini zaidi?” akauliza. “Nyumba ao ng'ombe?”

“Analilia kifaru,” Béata akajibu.

Akaeleza. Mzee Valens, baba yake Mama Godelieve, alichukuliwa na Wabelgiji wakati wa ile vita kubwa, akapelekwa Birmania, yaani Burma, kubeba majeruhi. Huko, siku moja ya mvua isiyo na huruma, yeye na wagonjwa wake walijisitiri chini ya kifaru cha vita cha Wajapani kilichokuwa kimekufa njiani. Aliporudi alimchongea binti yake kifaru hicho kwa mti. Bibi alikitunza maisha yake yote, mpaka nyumba ilipoungua.

Michel alikwenda kibandani, akatafuta kwenye simu mpaka akakipata: kifaru kidogo cha Wajapani kiitwacho Ha-Go, kilichochorwa vipande vipande na mtu wa mbali apendaye mambo hayo, ili mwenye kutaka achape, akate, akunje na kugandisha. Akakichapa kwenye karatasi nzito za jalada.

Béata alipoona, aliweka mikono kiunoni. “Mama amekimbia vita, na weye unamutengenezea kitu ya vita? Uko na akili?”

“Hii haikumupigaka baba yake,” Michel akasema. “Hii ilimufunikaka mvua.”

Béata akampisha kwenye meza.

Kazi ilianza vibaya. Gundi ya dukani ilikuwa imekaukia ndani ya chupa. Kikohozi kikasikika nyuma ya pazia, Béata akaitwa, akarudi na ujumbe: “Mama anasema, gundi ni unga ya muhogo. Yeye mwenyewe atapika.” Na kweli alipika, akachuja kwa kitambaa mpaka ikawa laini kama uji wa mtoto mchanga, kisha mkono mmoja ukalisukuma bakuli chini ya pazia. Kesho yake mkono huohuo ukatoka tena, ukachukua rundo la vipande vya mnyororo, vile vidogo vilivyomshinda Michel. Vikarudi vimekatwa vizuri kuliko vyake. Ni mkono uliozoea kuchambua maharagwe, wembe haukuutisha.

Hivyo wakafanya kazi kila alasiri, yeye huku, bibi kule, Béata katikati akichoka kwa kupeleka maneno. Magurudumu yakasimama, mwili ukapanda, mnyororo wa kulia ukazunguka mahali pake. Lakini furushi la bibi lilibaki limefungwa karibu na mlango.

Ijumaa Béata alikwenda sokoni. Michel alikuwa amefika kwenye kichwa cha kifaru, kile kinachobeba mzinga. Palikuwa na bunduki moja ndogo iliyomsumbua. Mchoro uliiweka nyuma ya kichwa, ikitazama kule kifaru kinakotoka. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na Michel akaamua kwamba ameshika karatasi vibaya. Nani atakwenda vitani na bunduki inayotazama nyuma? Akaigandisha mbele, kando ya mzinga.

Nyuma ya pazia kikohozi kikaja. Kikaja tena, kwa hasira. Hapakuwa na wa kupeleka neno. Chini ya meza tu palikuwa na kuku, akidonoa makombo.

“Weye kuku,” sauti ikasema, “ambia mwenye nyumba ameharibu.”

Michel akaganda, mkasi mkononi. “Kuku,” akasema polepole, “uliza mama, nimeharibu wapi?”

“Kuku, mwambie ile bunduki ndogo haiangalie mbele. Iko inaangalia nyuma.”

“Kuku, mwambie mama, nafikiri ni makosa ya karatasi.”

“Kuku, mwambie si makosa! Baba yangu alilala chini yake, si huyo mwenye mkasi!”

Kuku akaona kazi hiyo ni nzito kwake. Akatikisa mabawa, akatoka zake nje.

Pazia likasogea, Mama Godelieve akatoka, mwembamba, kitambaa kichwani, macho yake juu ya kifaru na si juu ya Michel.

“Batu ya mulima walimucheka mpaka akakufa,” akasema, bila kumtuma mtu. “Walisema Valens ni muongo. Walisema ni muoga, hata bunduki yake ya kuchonga inatafuta njia ya kukimbilia. Mimi nilikuwa mutoto, nikapigana ku masomo juu ya ile bunduki. Lakini na mimi… na mimi nilikuwa nashindwa kujua.”

Michel akauvuta ule mchoro, akausogeza upande wa bibi. Kijapani hawakukijua wote wawili, lakini picha ilijieleza: kichwa cha kifaru kimechorwa kutoka juu, mzinga mbele, na bunduki ndogo imetoka nyuma.

“Mama,” akasema, “mwenye kuchora hii hakumujua Papa Valens.”

Bibi akaweka kidole pale. Akakiacha muda mrefu.

“Hakukuwa muongo,” akasema. “Baba hakukuwa muongo.” Akalia akiwa amesimama.

Michel alitamani kumfuta machozi, na mila haikumpa ruhusa. Akafanya alichoweza. Akaibandua bunduki, akaipaka gundi upya, akaipachika nyuma, akaishikilia ipate kukamata. Na katika kuishikilia, bila kufikiri, akalamba gundi iliyobaki kwenye kidole gumba.

“Yee!” bibi akapiga kelele. “Umekula!”

Michel masikio yakamwaka moto. Ni kweli. Uji ule alikuwa ameupika mama mkwe wake kwa mikono yake, na yeye ameula mbele ya macho yake. “Mama, nisamehe, sikukusudia…”

“Mara ya kwanza nakupikia,” bibi akasema, mkono mdomoni, mabega yakianza kutikisika, “na haina hata chumvi!”

Akacheka. Akacheka mpaka akatafuta kiti, akakaa, na Michel naye akashindwa kujizuia.

Béata aliporudi na kikapu chake aliwakuta wameinama juu ya meza moja, kila mmoja ameshika upande wake, na hakuna aliyesema “mwambie mama”. Hakuthubutu kuuliza. Akapika bukari na sombe ya majani ya muhogo, akapakua sahani mbili kama kawaida. Michel akachukua yake, akainuka kwenda nje.

“Michel,” akasema Mama Godelieve.

Jina lake, katika mdomo ule, hakuwahi kulisikia. Akasimama.

“Unaenda wapi na chakula? Maji imekwisha mwangika, haizoleki. Béata, changanya yote ku sahani moja.”

Béata akafanya hivyo. “Mama,” akasema, “na lori ya Noël? Si ni kesho?”

Bibi akakitazama kifaru. Kilikuwa kimelalia upande. “Noël aende,” akasema. “Nitaendaje, na munyororo ya kushoto haijaisha?” Kisha akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akala, na wote wawili wakaogopa hata kumtazama, wasije wakamkatiza.

Jumamosi asubuhi, wakati lori la Noël linapiga honi barabarani kuita abiria, Michel alikuwa ameshafungua kibanda. Alijua mnyororo ule, kwa kasi ya mikono ya bibi, utakuwa umeisha kabla ya jioni. Alikuwa anachapa kifaru kingine, kikubwa zaidi, chenye magurudumu mengi zaidi.