Leso ya Nusura na Mizabibu ya Omolo

Mume wangu Omolo aliposema tutapanda mizabibu nyuma ya nyumba, nilimwambia sawa. Ningemwambia sawa hata kama angesema tunafuga mamba. Tangu kiwanda cha sabuni kule Nakawa kilipofungwa, mtu huyo alikuwa hafanyi kitu ila kukaa barazani kwenye kiti cha plastiki cha buluu akiangalia ukuta. Si hata barabara, ukuta! Ukimuuliza chai anasema “mm”. Ukimwambia mvua inakuja anasema “mm”. Omolo ambaye sauti yake kiwandani ilikuwa inashinda mashine, leo “mm”. Niliogopa jamani, sisemi uongo.

Kisha siku moja akasoma mahali fulani kuhusu zabibu, akanyanyuka. Akachimba. Akasimamisha nguzo, akavuta waya, akaagiza pingili, vile vijiti vya kupanda, kutoka Dodoma kwa rafiki yake dereva wa basi. Mimi kwa zabibu sina haja, mbegu zake zinaniudhi. Lakini nilisema moyoni, hizi pingili zikifa, mume wangu anarudi kwenye kile kiti, na safari hii sijui nitamtoa na nini.

Basi tukaalika marafiki Jumamosi waje kupanda na kula. Kwetu Kenya na hapa Kampala ni yale yale, ukisema kuna kazi watu wanakuja wachache, ukisema kuna kazi na samaki wanakuja na wageni wao.

Mimi nilikuwa jikoni na samaki. Omolo alikuwa ameshuka barabarani kumtafuta pasta, ambaye alishakuja kwetu mara nyingi na bado hupotea kila mara. Kwa hiyo shamba likabaki mikononi mwa jirani yetu Opoka.

Opoka ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa Kitgum, na ndiye rafiki wa kweli wa Omolo. Siku zile za “mm” alikuwa anakuja na kiti chake, anakaa, anaangalia ukuta pamoja naye bila kuuliza kitu. Kwa hilo nitampikia mpaka nife. Lakini mpe Opoka watu watano na jembe moja, anageuka afande. Kutoka jikoni nilimsikia akipanga wageni mstari.

“Chimba! Ingiza! Kanyaga! Wewe mama, mguu yako iko wapi? Kanyaga kama mtu amekula chakula!”

Mtu mmoja akamuuliza kama ana hakika na anachofanya. Opoka akacheka. “Mimi napanda muhogo tangu mtoto. Hii ni kitu kidogo tu.”

Ningesikiliza vizuri hapo, lakini mafuta yalikuwa yananirukia.

Omolo akafika na pasta. Opoka akapiga saluti, “Kazi kwisha, Bwana Omolo!” Watu wakapiga makofi, wakaenda kukaa chini ya turubai, migongo kwa shamba, nyuso kwa Omolo. Pasta akaomba, akabariki udongo, akabariki na samaki, nadhani kwa sababu alishawanusa. Omolo akasimama kutoa hotuba.

Mimi nikapita shambani kuchukua ndoo. Nikatupa jicho kwenye mstari wa kwanza, nikasimama.

Wiki nzima Omolo alikuwa amenihubiria kitandani: upande uliokatwa mshazari unaenda juu ili maji yateleze, uliokatwa sawasawa unaingia ardhini. Sasa naangalia, na juu kote kumekatwa sawasawa. Mshazari hauonekani hata mmoja. Opoka amezichomeka zote kama muhogo, ncha kali chini. Shamba zima la mume wangu limesimama kwa kichwa!

Woi! Nilimshika mkono Lamunu, mke wa Opoka, aliyekuwa anapita na sahani. Nikamwonyesha. Lamunu ni mtu wa maneno machache. Akaweka sahani chini.

“Nitamuua,” akasema.

“Utamuua kesho. Leo tunageuza.”

Nikamwita na Nusura, anayeuza chapati sokoni Nakawa, kwa sababu alikuwa amejifunga leso kubwa kuliko zote. Tukamwambia aishike ikiwa imetandazwa, kama mtu anayekausha nguo. Mimi na Lamunu tukaingia nyuma yake kwa magoti, na nguo zetu za sherehe, tunang'oa, tunageuza, tunashindilia kwa ngumi. Nusura anasogea, na sisi tunasogea.

“Mnaniambia nisimame mbele za watu na leso, niseme nafanya nini?” akanong'ona.

“Sema unapunga upepo. Songa!”

Kule mbele Omolo alikuwa ameshamaliza kushukuru. Mimi nyumbani ndiye ninayejulikana kwa kukohoa hotuba zake zikirefuka. Siku hiyo nilikuwa naomba Mungu amwongezee maneno. Tulikuwa bado mstari wa pili nikasikia, “Kwa hayo machache...”

Tukaganda. Tope mpaka kwenye viwiko.

“Kwa hayo machache,” akasema Omolo, “siwezi kukaa kabla sijasema kuhusu udongo.”

Akasema kuhusu udongo. Udongo mwekundu, udongo mweusi, udongo wa kwa babu yake Siaya. Akahamia mbolea. Akaahidi kwamba zabibu zikizaa, Nusura atapata juisi, pasta atapata jemu, na Afande Opoka atapata kile anachokijua yeye. Watu wakacheka. Opoka akainuka kwa furaha, akaanza kugeuka awaonyeshe wageni mistari yake ilivyonyooka.

“Afande!” Omolo akanguruma. “Niangalie mimi!”

Opoka akageukia mbele, mikono ubavuni. Mimi kule kwenye tope niliinua kichwa. Ilikuwa ile sauti ya kiwandani.

Mstari wa mwisho ukatushinda kidogo, maana Opoka mwenyewe ndiye alikuwa ameukanyaga. Lamunu anavuta huku anamtaja mumewe kwa Kiacholi. Na mara nikasikia tena, “Kwa hayo machache,” na safari hii sauti ilikuwa ya chini.

“Mnajua nilikuwa nakaa kwenye kiti cha buluu,” akasema Omolo. “Naangalia ukuta. Mke wangu Akoth, mnamjua, akifunga dirisha mtaa mzima wa Mbuya unajua limefungwa. Siku moja nikamsikia anatembea kwa vidole. Anaweka kikombe polepole asinisumbue. Nikasema, huyu nimemtisha. Nimemtisha mtu ambaye haogopi askari wala nyoka. Niliona aibu sana. Nikasema nitapanda kitu, hata kama ni misumari, ili mwanamke huyu arudie kupiga kelele katika nyumba yake.”

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeshika pingili ya mwisho, nayo ikawa haionekani vizuri kwa machozi. Lamunu akaninyang'anya, akaigeuza, akaichomeka. Omolo akasema “Asanteni”, akakaa, na mimi nikakimbia kunawa.

Watu walikula mpaka sufuria zikalia. Opoka akapokea pongezi nyingi kwa mistari yake, na Lamunu akawa anamwangalia tu.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu ya paa, nilimkuta Omolo shambani ameinama, anagusa ncha za mshazari moja moja. Nikajitia kukusanya vikombe.

“Opoka amepanda vizuri,” nikasema.

“Opoka alipanda muhogo,” akasema Omolo. “Niliona nilipoinuka kuhutubia. Nikawaza, nikisema sasa, rafiki yangu ataaibika mbele ya watu wote. Nikisubiri, jua litazikausha. Kabla sijaamua, naona leso inatembea.”

“Leso gani?”

“Akoth. Leso ina miguu sita na inatukana kwa Kiacholi.”

Nikaweka vikombe chini. “Kwa hiyo ulikuwa unajua! Ule udongo wote, mbolea, babu yako...”

“Nilikuwa nasubiri mfike mwisho. Mtu akimaliza hotuba watu wanageuka.”

“Na yale ya kiti?” nikamuuliza. “Nayo ulikuwa unasubiri?”

Nikadhani atasema “mm”.

“Leso ilikwama mstari wa mwisho,” akasema. “Udongo nilishaumaliza, mbolea nilishaimaliza. Sikuwa na kitu kingine cha kusema kilichobaki, ila hicho.”

Nilitaka kumfokea, maana amenitambaza kwenye tope na gauni langu la Pasaka. Badala yake nikakaa pale pale chini, naye akakaa, tukaangalia zile pingili mpaka mbu wakatufukuza.

Asubuhi niliamshwa na kelele. Alikuwa Omolo, anamwita Opoka kutoka ng'ambo ya ua aje wamwagilie maji. Nikafungua dirisha, nikaligonga kwa nguvu zangu zote, nikawaambia wote wawili wanyamaze.