Miguu ya Mbayuwayu

Harufu ya shampuu ndiyo iliyompokea mlangoni. Mhifadhi alisimama na ufunguo mkononi, akavuta pumzi tena ili ahakikishe. Makumbusho yale yalikuwa na harufu zake, naye alizijua kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe: vumbi la mbao, karatasi kuukuu, dawa ya nondo, na unyevu wa kona ile ya paa ambayo kamati iliahidi kuiziba kila masika yalipokaribia na kuisahau kila yalipopita. Shampuu haikuwamo.

Jengo lilikuwa posta ya zamani. Ukumbi wa mbele, ambako watu walikuwa wakipanga foleni kununua stempu, sasa ulikuwa na vitu vya wenyeji: mawe ya kusagia, cherehani za kukanyaga, na picha za wazee walionuna kana kwamba mpiga picha anawadai. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha vifurushi, kilikuwa cha ndege. Alikwenda huko mbio, mkoba ukiwa bado begani.

Juu ya meza ndefu zilikuwa zimetandikwa taulo, na juu ya taulo walilala ndege wote, wameoshwa. Bundi alikuwa ametuna manyoya kama mtu aliyetoka saluni sasa hivi. Mdiria alimeremeta. Na mwisho wa meza aliketi wifi yake, miwani puani, akimkausha kunguru kwa mashine ya kukaushia nywele.

“Karibu, wifi!” alisema kwa sauti ya kuishinda mashine. “Umekuja wakati wenyewe. Hebu nishikie huyu bawa.”

Mhifadhi hakumtazama kunguru bawa. Alimtazama mguu. Kisha akatazama mguu wa mdiria, na wa bundi, na miguu ya mbayuwayu waliopangwa safu nzima kwenye taulo ya waridi. Miguu yote ilikuwa mitupu.

“Lebo ziko wapi?”

“Zipi?”

“Vikaratasi, wifi. Vilivyokuwa miguuni.”

“Aa, vile! Vilikuwa vichafu mno. Nimevikata.” Akaonyesha kwa kidevu mfuko wa plastiki kando ya pipa. “Tulikuwa tunangoja kuvichoma na taka nyingine.”

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mume wa Mhifadhi, mkubwa wake kwa kuzaliwa na mkubwa wa kila mtu kwa tabia. Alikuwa nesi mkuu wa hospitali hadi alipostaafu, na mji mzima ulimwita Metroni. Baada ya kuishiwa wagonjwa aliikamata kamati ya makumbusho, akawa mwenyekiti wake. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kesho kutazama kama jengo linastahili paa jipya. Mhifadhi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, na Metroni hakuona sababu ya kusubiri. Alikuwa amewaita akina mama wa kikundi chake, wakaja na mabeseni.

“Unajua umefanya nini?” Mhifadhi aliuliza.

“Nimeosha ndege.”

“Umewafuta.”

“Mbona wako palepale? Wamepungua nini? Kunguru ni kunguru, wifi, hata akipoteza kitambulisho.”

Marehemu alikuwa mwalimu wa biolojia. Hakuua ndege hata mmoja. Aliwaokota: huyu aligonga dirisha la darasa, yule alinyang'anywa mdomoni mwa paka, mwingine alikutwa amekufa juu ya lami asubuhi. Aliwachuna jikoni kwa subira iliyomkera mkewe, akawajaza pamba, akawafunga mguuni kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: siku, mahali, alikufaje, tumboni alikuwa na nini. *Uzio wa soko. Kinamasi nyuma ya kiwanda. Tumboni kumbikumbi.* Kinamasi kilikwisha kufukiwa, na maduka yakasimama juu yake. Aliyetaka kujua kwamba pale mahali palikuwa na maji na matete na ndege wa kuishi humo hakuwa na pa kuuliza ila kwenye ile miguu.

Wa thamani zaidi walikuwa mbayuwayu. Kila mwaka, walipofika kutoka safari yao ndefu, Mwalimu aliokota wa kwanza kufa. Mtafiti wa chuo kikuu alikuwa amepata habari zao, na baada ya mgeni rasmi angekuja kuwapima mabawa, mwaka kwa mwaka, aone kama safari inawabadilisha. Sasa miaka ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mbayuwayu walikuwa juu ya taulo, wanafanana kama punje za mchele.

Mhifadhi aliuchukua mfuko, akaukumbatia, akatoka bila kuaga.

Alikwenda kwa mhazini wa kamati, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mhazini alimsikiliza huku akimkatia mteja waya.

“Metroni ametuokoa,” alisema hatimaye. “Wale ndege walikuwa aibu. Mjukuu wangu aliwaona akalia.”

“Hawakuwekwa pale wapendwe. Kila mmoja ana habari yake, na habari ilikuwa kwenye lebo.”

“Na lebo si unazo hizo? Zifunge.”

“Nitajuaje ipi ni ya nani?”

Mhazini alikunja waya, akaupima kwa jicho. “Mbayuwayu ni wale wale. Fungafunga tu, mama. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

“Basi tatizo liko kwako,” alisema mhazini, wala hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Kama angetukanwa angepata pa kushika. Lakini utamshika wapi mtu anayekutabasamia?

Usiku kucha alijiuzulu kichwani, kila mara kwa maneno makali kuliko ya mwanzo. Kulipokucha alioga, akaenda kazini.

Mgeni rasmi alikuja na miwani myeusi na msururu wa watu. Aliyapita mawe ya kusagia kwa haraka, lakini chumba cha ndege kilimpendeza. “Nimeona makumbusho mengi,” alisema, “ila usafi kama huu, hapana.” Watu wakapiga makofi. Metroni, ndani ya gauni lake la shughuli, akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Mgeni akamnyooshea kidole mbayuwayu mmoja. “Na huyu?”

“Mbayuwayu,” Mhifadhi akajibu.

“Alipatikana wapi? Hapa hapa mjini?”

Kwa miaka yote aliyokaa chumbani humo, hilo ndilo swali alilolipenda kuliko yote. Angemshika mgeni mkono, angeigeuza lebo kwenye mwanga, angemsomea. Sasa mguu ulikuwa mtupu. Angeweza kudanganya. Mhazini alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsihi adanganye.

“Sijui,” alisema.

“Aa. Wa zamani sana, eti?”

“Sijui.”

Mgeni akasifu madirisha. Kuhusu paa alisema litafikiriwa. Lakini Mhifadhi aliona kwamba Metroni hakupiga makofi ya kumsindikiza. Alikuwa amebaki anaitazama ile miguu mitupu, midomo ameibana.

Siku iliyofuata, alasiri, Mhifadhi alimwaga lebo mezani akaanza kupatanisha. Bundi alikuwa mmoja, hakumtesa. Kunguru walikuwa wawili, ila lebo moja ilisema *mdomo umepasuka*, na mdomo ulikuwa umepasuka kweli. Mdiria alikuwa bado na alama ya kucha za paka chini ya bawa. Kila alipompata mwenye lebo yake, kifua kililegea kidogo; kisha alijaribu kuifunga, na uzi ukateleza juu ya ule mguu mwembamba, na hasira ikarudi upya. Vidole vyake havikuwa vya kazi hiyo. Mafundo yote ya mwanzo alikuwa ameyafunga Mwalimu.

Metroni aliingia bila kubisha. Aliweka bakuli lililofunikwa kwenye kona ya meza.

“Hujala,” alisema. Halikuwa swali.

“Sina njaa.”

“Njaa hainuniwi, wifi.” Akavuta kiti, akakaa. Alimtazama Mhifadhi akipambana na uzi na mguu wa tetere, mpaka akashindwa kuvumilia. “Nipe.”

Mhifadhi alisita, kisha akampa. Metroni alipitisha uzi mara mbili, akaukunja, akauvuta kwa ncha ya ukucha. Fundo likakaa kimya, dogo, halichezi. Alifanya haraka, macho yakiwa dirishani.

“Umejifunza wapi?”

“Hospitali.” Alinyoosha mkono apewe mwingine. “Unafikiri maiti hujitambulisha? Kidole gumba cha mguu. Jina, saa, wodi. Usipokaza, kikaratasi kinaanguka njiani, na familia inapewa mtu asiye wake. Nimefunga vingi, wifi. Vikaratasi rangi hii hii.”

Mhifadhi aliweka penseli chini.

“Kaka yangu nilimfunga mwenyewe,” Metroni aliendelea, kwa sauti ile ile ya kuagiza dawa. “Manesi walitaka kunitoa. Nikawaambia tokeni ninyi. Halafu unaniambia nije humu kila wiki, nimkute ameandika kwa mkono wake, kila kiumbe na kikaratasi mguuni. Wewe unaona elimu. Mimi naona chumba cha maiti.” Akavuta fundo. “Nilipopata mkasi sikufikiri. Niliona nawafungulia.”

Mhifadhi alitaka kusema kitu cha haki, kwamba hata hivyo hakupaswa, kwamba angeuliza kwanza. Maneno yalikuwepo, yamenolewa tangu juzi. Lakini aliikumbuka siku ile ya hospitali, na akaona kwamba katika kumbukumbu yake korido ilikuwa na mtu mmoja tu anayelia. Kwa miaka yote alikuwa amekuja chumba hiki kama mjane anayekwenda nyumbani kwake, akifunga mlango nyuma yake. Haikuwahi kumjia kwamba yuko mwingine anayesimama nje na kuogopa kuingia.

“Ungeniambia,” alisema.

“Ungenisikiliza?”

Mhifadhi alimpa tetere wa pili.

Walifanya kazi mpaka jua likahamia upande wa pili wa jengo. Chakula kilipoa, kikaliwa kikiwa baridi. Ndege wakarudi kwenye droo zao, mmoja mmoja, wakiwa na habari zao miguuni, mpaka wakabaki mbayuwayu, na rundo la lebo zilizokuwa zao, na hakuna alama wala kovu la kuunganisha hiki na kile.

“Hawa je?” Metroni aliuliza.

“Hawa hawarudi.”

“Huyo mtafiti atawatambua.”

“Hatawatambua. Nimempigia simu. Amesema asante, atatafuta kwingine.”

Metroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza tangu Mhifadhi amfahamu, hakuwa na agizo.

Mhifadhi alikata kipande cha kadi. Akaandika kwa penseli, taratibu: *Mbayuwayu. Wote waliokotwa na mwalimu mmoja katika mji huu, miaka mbalimbali. Lebo zao zilikatwa wakati wa usafi.* Akakisukuma kwa wifi yake ili akisome.

“‘Zilikatwa,’” Metroni alisoma. “Na nani?”

“Inatosha hivyo.”

“Wodini haikutosha. Dawa ikikosewa, huandiki ‘dawa ilikosewa.’ Unaandika nani alikuwa zamu.” Akamnyang'anya penseli.

Mhifadhi alidhani ataandika jina lake lote, pamoja na cheo. Ndivyo alivyozoea kutia sahihi hata kwenye kadi za pole. Metroni aliinama, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo, akaongeza maneno machache kwa herufi kubwa za hospitali, kisha akarudisha kadi.

*NA DADAYE MAREHEMU*, alikuwa ameanza, akakata neno la mwisho. Yaliyobaki yalisomeka: *NA DADAYE*.

Mhifadhi alitoboa tundu kwenye kadi, akapitisha uzi. Alipofika hapo alikwama, maana kadi ilikuwa moja na miguu ilikuwa mingi.

“Tuifunge kwa yupi?” aliuliza.

Metroni aliwainamia mbayuwayu, akawapitia polepole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeitwa kuja kumtambua ndugu yake.