Dagaa wa Kidato cha Pili B

Jumanne, saa nne kasoro robo, Somoe, mkaguzi wa samaki sokoni, aliitwa katika shule moja ya wasichana ya kutwa, pale Chuno, akakague dagaa. Alikwenda na koti lake jeupe la sokoni, glavu, na kalamu inayovuja. Alikuwa na stashahada ya uvuvi na mdomo usio na breki. Binti yake, Nasra, alisoma Kidato cha Pili B, darasa lenye dagaa.

Dagaa hao waliingia dirishani baada ya mvua kubwa, wiki mbili nyuma, wapatao elfu tatu, na tangu hapo waliogelea hewani kati ya vichwa vya wasichana na feni. Feni ikiwashwa, waliukabili upepo wake kama wanavyoukabili mkondo. Mwalimu akifuta ubao, walipita kwenye vumbi la chaki midomo wazi, kama wageni wa hitima. Mkuu wa Shule, Mwalimu Witness, hakuwa na ugomvi nao. Alitaka tu kujua kama wanaweza kukaangwa, maana wasichana walikuwa wamechoka makande.

"Wanalika, Mama Nasra?"

Somoe alimdaka mmoja, akamfunua matamvua, akamnusa, akamwachia.

"Wanalika. Hawa wazima kuliko ninaowapitisha sokoni kila siku."

Hapo akaingia Makamu Mkuu wa Shule, Mwalimu Idrisa, kuchukua rejista. Dagaa waliokuwa wametawanyika darasa zima wakajikusanya kufumba na kufumbua, wakawa donge moja la rangi ya fedha, ukubwa wa gunia la mkaa, likizunguka kwenye kona ya mbali. Makamu akachukua rejista, akatoka. Donge likafumuka.

"Ndiyo zao," alisema Mwalimu Witness. "Hawana nidhamu."

"Dagaa hawafanyi hivyo kwa kukosa nidhamu, mwalimu. Wanafanya hivyo mlaji akifika. Kila mmoja anatafuta katikati, kwa sababu wa pembeni ndiye anayeliwa."

Kwa kuwa alisomea kazi yake, Somoe hakutegemea jaribio la mara moja. Alimpitisha mlinzi na rungu lake, dagaa hawakujali. Alimpitisha mpishi na kisu. Alimpitisha paka wa ofisini, na dagaa mmoja akamsogelea kumchungulia sharubu. Makamu aliitwa mara tatu kwa visingizio vitatu, na mara tatu donge likafungwa.

Somoe akamtoa Nasra darasani hadi barazani.

"Huyu Makamu vipi?"

"Mama, si umeona mwenyewe?"

"Nataka kusikia kwako."

Nasra aliangalia viatu vyake. "Amesema Jumamosi niende kwake kwa tuisheni. Peke yangu. Mwaka jana alimwita Farida."

Farida aliacha shule mwezi wa tisa. Kwenye rejista Makamu aliandika sababu kwa mwandiko mzuri: utoro. Utoro huo sasa ulikuwa na meno mawili na umeanza kutambaa.

"Jumamosi utafua nguo," Somoe alisema.

Alhamisi bodi ya shule ilikaa, na Somoe akasimama kusoma taarifa yake. Ilikuwa na sentensi mbili. "Dagaa wanafaa kwa chakula. Makamu hafai kwa shule."

Mwenyekiti wa bodi, Mzee Bakari, akakumbuka kwamba watu wa kwao Somoe na watu wa kwao Idrisa ni watani tangu enzi za mababu, akapiga meza kwa kicheko. Wote wakamfuata kwa pamoja.

"Mtani wangu umeniua!" alisema Mwalimu Idrisa, akifuta machozi. "Basi na sanda ununue wewe!"

"Sitanii."

"Hakuna mtani aliyewahi kusema anatania," alisema Mzee Bakari. "Huyu bwana anaswali safu ya kwanza, bibie."

"Dagaa hawakagui safu, mzee. Wanakagua meno."

Mjumbe mmoja alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Somoe akamtaja Farida. Wakasema hapo mtani amezidisha, lakini utani hauna mipaka. Kila alivyosema wazi ndivyo walivyomsifu. Katibu akaandika kwenye muhtasari: "Mama Nasra alichangamsha kikao." Kisha bodi ikaamua kwa kauli moja kwamba dagaa wahamishwe, kwa kuwa wanamvunjia heshima Makamu.

Ijumaa wakaswagwa kwa vyandarua hadi dirishani, wakatoka kwa utaratibu kuelekea shule nyingine, wakitanguliwa na barua yao ya uhamisho.

Jumamosi Nasra alifua nguo. Jumatatu Somoe alikwenda shuleni akiwa na barua mkobani ya kumhamisha bintiye, akakuta Makamu ameshamwita ofisini. Aliitwa mmoja, wamekwenda thelathini na wanane.

Somoe aliwaona kupitia dirisha la ofisi. Kidato cha Pili B kizima kilikuwa mbele ya meza ya Makamu, bega kwa bega, kikizunguka polepole. Wa pembeni waliingia katikati, wa katikati wakatoka pembeni, na hakuna aliyeongoza. Kila mmoja alimwangalia jirani yake tu. Makamu alijaribu kumkazia macho Nasra. Kila alipompata, msichana mwingine alipita, akampoteza.

Somoe alishika barua mkobani. Akitoka Nasra watabaki thelathini na saba. Akamtazama aliyekuwa pembeni wakati ule: msichana aitwaye Hawa, mtoto wa marehemu jirani yake, asiye na mtu wa kuja kumwandikia barua.

Akaiacha barua ilipokuwa, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni.

"Unamsubiri nani, mama?" aliuliza mlinzi.

"Wote."

Ndani, Mwalimu Idrisa alijimiminia chai kutoka kwenye chupa. Hakuwa na haraka. Muhula ulikuwa umebakiza wiki tisa.