Jiwe la Kukamulia

Mtaimbo uligonga jiwe, na mtetemo wake ukampanda Zvane hadi mabegani. Alikuwa akichimba shimo la kupanda mzeituni mpya mahali pa ule uliouawa na baridi. Alipofukua kwa mikono, aliona mfereji wa duara uliochongwa kwenye jiwe jeupe, na mdomo wa kutiririshia mafuta. Hakuhitaji kuambiwa. Huku Istria, kwenye pwani ya Kroatia, nani asiyejua kwamba Warumi walikamua zeituni kabla yetu?

"Fukia!" alisema jirani yake Pina, akichungulia juu ya ukuta wa mawe. "Serikali ikija utabaki na shamba la mashimo. Unanisikia, au masikio yako alizikwa nayo marehemu mkeo?"

Akafukia.

Lakini nyumba ya mgane haina siri, ina mwangwi tu. Tangu mkewe Fume afariki, Zvane alikuwa akiwasha redio si kwa habari, bali ili pawe na sauti inayovuta pumzi chumbani. Binti yao aliolewa Australia. Wakipigiana simu, daima mmoja wao huwa anapiga miayo, maana kwake ni usiku. Juma halijaisha, akawapigia watu wa makumbusho.

Alikuja Nevija, mtaalamu wa mambo ya kale, na wanafunzi wake.

"Mzee wangu, nisikufiche," alisema. "Jumba zima liko chini ya mizeituni yako. Hii ya upande wa bahari itabidi ing'olewe."

"Mtakaa muda gani?"

"Kiangazi chote."

"Basi ing'oeni."

Miti aliyoirithi kwa babu yake ikalala chini, naye akawapikia walioiangusha. Walibishana kuhusu mpira, wakamcheka kwa kofia yake, naye akawacheka kwa ngozi zao zilizobabuka. Siku moja Nevija alimwonyesha chumba nyuma ya kinu, chembamba kama zizi la punda, chenye jiko dogo pembeni.

"Hapa alilala mtumwa wa kukamua. Mabwana walikuwa kule, kwenye sakafu za nakshi."

"Na huyu alikula na nani?"

Nevija alijifuta jasho. "Hilo mawe hayasemi, mzee."

Vuli ilipobisha hodi, wakatandika kitambaa cha kuzihifadhi juu ya kuta, wakazifunika kwa udongo, wakamkumbatia, wakaenda. Ukimya ukarudi, safari hii na wenzake.

Zvane alichuma peke yake miti iliyobaki. Aliporudi kutoka kinuni na kopo la mafuta mapya, mabichi ya kukereketa koo, alikata mkate, akakaa mezani. Akautazama. Kisha akainuka, akachukua kopo, akazunguka ukuta hadi mlangoni kwa Pina. Miaka yote ya kurushiana maneno, hakuwahi kujua kwamba mlango ule ni wa buluu.

"Umekuja kukiri kwamba nilikwambia?"

"Nimekuja na mafuta. Mkate unao?"

Pina alilitazama kopo, kisha akamtazama yeye.

"Upo," alisema. "Wa jana."

Akaingia ndani, akauacha mlango wazi. Zvane alibaki kizingitini, akasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha kingine.