Simu Ambayo Watu Hawakuamini Imepotea

Jumanne hiyo, saa saba na robo mchana, Fundi alikuwa ameinamia simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya nguo, anaisugua matumbo kwa mswaki uliochovywa spiriti, mdogo wake alipoingia akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Walikuwa dada wawili wa mama mmoja. Mkubwa aliitwa Fundi na mtaa mzima, mama yake akiwemo. Mdogo aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi. Kibanda chenyewe kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, na ndani yake palienea meza, taa, viti viwili na kabati la droo ndogondogo za skrubu. Kila mtu aliyepanda ngazi alimkanyagia Fundi juu ya kichwa.

Kitinda alikuwa na kitambulisho cha kampuni shingoni. Hakukivua hata wakati wa kula. Kampuni hiyo ilitengeneza simu, na kazi yake ilikuwa kutembea na simu ambayo bado haijatoka: kuipigia, kuiangusha, kuisahau juani makusudi, kisha kuandika ilivyostahimili. Kazi hiyo waliiomba wote wawili asubuhi moja, na barua zote mbili aliziandika Fundi. Fundi ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika bisibisi. Ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kubandua kioo bila kukivunja, kwa joto kidogo na subira nyingi. Kampuni ikamchukua Kitinda. Fundi akajibiwa kwamba barua yake imehifadhiwa.

Mama aliwatangazia majirani kwamba binti yake yuko kampuni ya simu. Jirani mmoja akauliza, na yule mkubwa je? Mama akasema, huyo naye ana kibanda chake. Fundi alikuwa mlangoni, akasikia. Neno hilo lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na huu ulikuwa mwaka wa pili.

Siku hiyo Kitinda alilalamika kwamba kiyoyozi cha ofisini kinamkausha ngozi. Fundi, ambaye blauzi ilikuwa imemgandia mgongoni kwa jasho, alimpa pole. Saa nane Kitinda akaondoka mbiombio. Saa kumi Fundi akapanga simu mbovu za wateja, akakuta imezidi moja. Ilikuwa imevalishwa kava kuukuu la simu ya bei rahisi, lakini skrubu zake zilikuwa na vichwa ambavyo Fundi hajawahi kuviona, na Fundi alikuwa ameona vichwa vyote.

Alijua papo hapo. Akachukua simu yake mwenyewe ampigie mdogo wake, akalitafuta jina, akaliona. Kisha akasema moyoni, acha naye atokwe jasho kidogo, kesho nitampelekea. Akaiweka droo ya chini kabisa.

Kesho yake haikungoja. Asubuhi kampuni ilitangaza kwamba simu yake ya majaribio imepotea mikononi mwa mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi huyo amesimamishwa. Picha ya Kitinda ilitoka kila mahali. Watu waliisoma habari hiyo wakacheka.

"Kampuni ina kamera mpaka chooni, leo ipoteze simu?" mteja mmoja alimwambia Fundi huku akisubiri kubadilishiwa betri. "Hiyo ni kiki, mama. Wanataka tuizungumze."

Wa pili alisema yule msichana ni mwigizaji, amewahi kumwona kwenye tangazo la sabuni. Wa tatu alisema hata simu yenyewe haipo. Fundi aliendelea kukaza skrubu. Kurudisha simu sasa, alijiambia, ni kujieleza ilikuwa wapi usiku kucha.

Alhamisi Kitinda aliitwa ofisini kuhojiwa, na mlango wa kioo unaojifungua wenyewe haukumfungukia. Alisogea nyuma, akaja tena, mlango ukatulia. Mlinzi alimweleza kwamba mlango ule unafuata uzito wa mtu, akatanguliza mguu wake mwenyewe ili apite. Ndani, lifti ilikataa kwenda naye kwa kuwa ilidhani haina mtu. Akapanda ngazi. Hakuchoka hata kidogo.

Zahanati walimpima kila kitu. Mwili ulikuwa uleule, nguo zilimkaa vilevile, lakini mizani ilisema kilo kumi na tisa. Daktari alimuuliza ni watu wangapi hawamwamini. Kitinda akasema hajui idadi. Daktari akaandika "wengi," akapiga mhuri, akamshauri ale vizuri na asikae karibu na feni.

Jumamosi redio iliwauliza wasikilizaji wake kama simu ile imepotea kweli. Kati ya kila mia, tisini na mmoja walisema hapana. Kitinda alikuwa sebuleni kwa mama yake anakunywa chai. Alipanda na kikombe chake mkononi mpaka kisogo kikagota dari. Chai haikumwagika. Mama alizima redio, akasimama juu ya stuli, akamshika kifundo cha mguu, akamvuta.

Mama alimwamini, na imani yake ilifanya kazi, ila haikumaliza safari. Alipomshika mkono, Kitinda alishuka hadi usawa wa kiti, nyayo zikabaki zinaning'inia shibiri moja juu ya sakafu. Mama alijaribu mikono yote miwili. Alijaribu na dua. Shibiri ile haikupungua. Mwishoni alimfunga kwa shuka kwenye mguu wa meza, akampigia Fundi simu.

Fundi alikuja na mkoba wake wa vifaa, kana kwamba ameitiwa kazi. Akamshika mdogo wake kiganja. Kitinda akatua. Visigino viligonga sakafu mpaka vikombe vikalia mezani.

Mama aliwatazama, akakaa kitako. "Kumbe wewe ndiye unayemwamini kuliko sisi sote," alisema.

Fundi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake stendi kwa makosa, akaondoka nao.

Tangu siku hiyo mama alimpigia mara tatu kwa siku. Mwanangu, njoo umshushe mwenzako aoge. Mwanangu, njoo umshushe ale. Miaka ilikuwa imepita tangu Fundi aitwe mwanangu. Alifunga kibanda mapema, akawekewa chakula, akaulizwa kama amelala vizuri. Majirani walipopita, mama aliwaonyesha: huyu ndiye mkubwa, mkono wake una baraka. Fundi alirudi kibandani kila jioni akaifungua droo ya chini, akaitazama simu, akaifunga. Siku ya nne alishindwa na mikono yake. Akatengeneza bisibisi kwa kuchonga msumari, akaifungua simu ile yote, akaielewa, akairudisha bila kuacha mkwaruzo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Wiki ya pili, mama akiwa sokoni, Kitinda alikuwa amekaa sakafuni ametulia, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake. Alikuwa anaangalia nyayo zake zilivyolala barabara kwenye saruji.

"Mama ananiamini, nabaki nusu juu," alisema. "Wewe ukinishika natua kama jiwe. Nimelifikiria sana hili, dada. Mtu anayeamini huwa na shaka kidogo. Wewe huna hata chembe." Akanyanyua uso. "Iko wapi?"

Fundi aliukaza mkono wa mdogo wake.

"Droo ya chini," alisema.

"Tangu siku ileile?"

"Tangu siku ileile. Nilitaka utokwe jasho kidogo tu."

Kitinda hakulia, na hakuuondoa mkono wake, maana angeuondoa angepaa. Alisema tu kwamba waipeleke leo, kabla ofisi hazijafungwa.

Walikwenda wameshikana kama watoto wanaovuka barabara. Mlango wa kampuni ulifunguka kwa ajili ya Fundi. Walipelekwa kwa Mkuu wa Mawasiliano, mwanamume mpole, mwenye maji ya kunywa mezani na kalamu tatu zinazofanana. Aliipokea simu, akaigeuza, akaitambua, akawashukuru kwa moyo. Kisha akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Aliwaeleza taratibu, kama anayewafundisha njia. Wanaoisubiri simu hii wameongezeka mara tatu tangu ipotee. Leo wakitangaza kwamba imepatikana, watu watasema waliificha wenyewe. Wakinyamaza, watu watasema vilevile, lakini wataendelea kuiulizia. Kwa hiyo simu itabaki imepotea.

"Na mimi?" Kitinda aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeipoteza," alisema Mkuu, bila ubaya wowote. "Ikibaki imepotea, nawe unabaki umesimamishwa. Ni utaratibu."

Kisha akamgeukia Fundi. Mafundi wao, alisema, wakati mwingine huvunja vioo vinne ndipo wafungue simu kama ile, na yeye ameona kwenye ukingo, gundi ilipokatika, kwamba hii ilifunguliwa na mtu. Nani aliifungua? Fundi akasema ni yeye. Kwa kifaa gani? Kwa msumari. Mkuu akavuta karatasi. Nafasi ipo, alisema, tangu wiki mbili zilizopita. Masharti ni kusahau safari ya leo. Aweke sahihi hapo chini.

Fundi aliandikia mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliomshika mdogo wake. Angeweza kubadilisha mkono. Wazo hilo lilimjia baadaye, na likaendelea kumjia. Wakati ule aliachia.

Kitinda alipanda bila sauti, akapita usawa wa rafu, akasimama kati ya taa mbili za dari, viatu vyake vikielekea karatasi ambayo dada yake alikuwa anaitia sahihi. Jina la Fundi lilikuwa refu kidogo, na hakuruka herufi. Mkuu aliinua simu ya mezani akaomba aletwe mtu mwenye ngazi, kwa sauti ya mtu anayeagiza karatasi.

Nyumbani Kitinda alimweleza mama yote tangu mwanzo: kiti cha wateja, droo, msumari, sahihi. Fundi alikuwepo, amesimama karibu na kabati la vyombo. Mama alisikiliza hadi mwisho akiwa amemshika binti yake mdogo mkono, nyayo zikining'inia shibiri moja.

"Huyu unayemsema ndiye anayekushusha kila siku," mama alisema. "Kama angekufanyia ubaya huo, mkono wake ungekushushaje?"

"Kwa sababu anajua, mama. Muulize mwenyewe."

Mama akamgeukia Fundi. Fundi alikuwa ameandaa jibu njia nzima, na jibu hilo lilikuwa ndiyo. Lakini mama alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hajapata kutazamwa nayo tangu mdogo wake azaliwe.

"Mdogo wangu amechoka," Fundi alisema.

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwenzako amepata kazi, na wewe umeipoteza yako. Inauma, najua. Lakini wivu haufai, mwanangu."

Na hapo shibiri ikawa mbili, kisha kiganja cha Kitinda kikateleza chenyewe kutoka mkononi mwa mama yake, akaenda juu. Mama alipanda stuli akamshika mguu kama kawaida. Alivuta. Safari hii hakushuka hata ukucha. Mama alishuka kwenye stuli, akasema bila shaka ni hali ya hewa, akaenda jikoni.

Simu ilitoka mwezi uliofuata. Watu walipanga foleni kuzunguka jengo, wakabishana foleni nzima kama ile iliyopotea ilipotea kweli. Wengi walisema hapana. Waliponunua walisema, si mnaona, hii hapa.

Kitinda sasa anaishi darini kwa mama yake, upande usio na feni. Amezoea. Analala kifudifudi, anasoma, anapokea sahani kwa kamba. Fundi amehama kibanda, na kitambulisho hakivui hata akila. Kazini wanamsifu, ingawa huwa hawamalizi bila kusema kwamba aliyekuwa hapo kabla yake alikuwa mwepesi wa kujifunza kupita wote, nani alimfundisha? Fundi husema hamjui. Usiku huo huwa halali.

Kila Jumamosi asubuhi anakwenda kumshusha mdogo wake achanwe nywele. Anapanda stuli, anamshika kiganja, na Kitinda anatua, visigino vikigonga sakafu. Mama hukaa nyuma yake na kitana.

"Kile kiti cha kazini," Kitinda alisema Jumamosi iliyopita, "kinakwama ukikishusha. Kivute kwanza kulia."

"Nilishakijua," alisema Fundi.

Mama alikuwa anagawanya nywele, anatabasamu. "Unaona?" alimwambia mdogo, akimwonyesha nyayo zake zilivyolala sakafuni. "Pamoja na yote uliyomsingizia, mwenzako bado anakuamini."

Nywele ziliisha saa nne na nusu. Fundi alitazama saa, akamwachia.