Soma Kwanza

Usiku wa jana niliota nimemfunika mama mkwe kanga mpya, mbele ya wanawake wote waliokuja kwenye shughuli, bila kusoma jina la kanga, yale maandishi yake. Kanga ikajisoma yenyewe, kwa sauti: "Kuzeeka si heshima, jiheshimu."

Vigelegele vikakatika. Bi Somoe, mama mkwe wangu, akanitazama. Jamani, aibu iliyonishika! Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo kichwa changu kikafunguka kama sufuria. Ubongo wangu ukatoka, ukavuta kigoda, ukakaa. Ulikuwa umekunjamana na umevaa miwani.

"Kutenda kosa si kosa," ukasema.

"Kosa ni kurudia kosa," nikamalizia, maana ndivyo nilivyofundishwa.

"Vizuri. Basi hakuna kurudia. Mwendo tunaupunguza, na macho yote yanakwenda kwenye maandishi."

"Yote?"

"Yote. Kwani wewe ulikosea wapi?"

Nageuka, ukumbi wa shughuli umeshakuwa uani kwetu, na ua mzima umeanikwa kanga. Nasoma ya kwanza, herufi moja moja. Naisoma tena. Sijakosea. Ubongo unanipigia makofi.

Nyuma ya kanga namsikia Raya, mwanangu, kitinda mimba wangu. "Mama! Nimepanda juu ya tangi!"

Tangi letu la maji halina mfuniko. Nataka kukimbia, lakini mguu unanyanyuka taratibu, unasimama hewani, unasubiri ruhusa.

"Mwanangu ataanguka!"

"Ana maandishi?" ubongo unauliza.

"Ni mtoto huyo!"

"Basi hatumwangalii. Wewe soma."

"Mama, nateleza!"

Naisukuma kanga iliyo mbele yangu, nayo inanishika mkono. "Hujanimaliza, dada," inasema, kwa adabu kabisa. Nasoma huku nalia. Najaribu kumwitikia mwanangu, neno linatoka silabi moja, ya pili inakaguliwa kwanza. "Na... ku... ja..."

Nikasikia chubwi.

Ubongo ukavua miwani, ukaifuta, ukaivaa tena.

"Hilo sasa ni kosa jingine," ukasema. "Haya, kanga tuziache. Kuanzia leo tunaangalia maji."

Nikaamka kwa mayowe. Kumekucha, jirani anafagia. Raya yuko kitandani ubavuni mwangu, mzima, anapumua. Alhamdulillahi! Nikamvuta kifuani, nikambusu utosini.

Nywele zake zilikuwa zimelowa chepechepe. Mto ulikuwa mkavu.

Akafumbua macho, akaninunia.

"Mama," akasema, "mbona ulikuwa unakuja polepole vile?"