Maziwa ya Mnyaa

Tone la kwanza lilimdondokea kiganjani, jeupe na zito, naye akalipangusia kwenye suruali. Tawi lilipokatika kabisa, matone mengine yaliruka kama cheche, yakamwingia macho yote mawili.

Fundi saa aliganda, kisu mkononi. Kwa kitambo kidogo hakuhisi chochote, hata akataka kujicheka. Kisha moto ukaja. Haukujongea polepole, ulilipuka nyuma ya kope kana kwamba mtu amemsukumia makaa ndani ya fuvu. Akajifuta kwa mkono uleule uliokwisha kulowa utomvu, na hapo ndipo alipojimaliza. Mwanga wa asubuhi ukageuka maziwa, maziwa yakageuka giza.

Majirani walimwita Mzee Kiangazi. Tangu afiwe na mkewe alikuwa amejaza upande mmoja wa paa la jengo lao mimea isiyojua kiu: shubiri zenye meno kama msumeno, dungusi za duara zilizojikunyata ndani ya miiba yake, vijimea vya majani manene yaliyojiwekea maji kama mtu mwenye hekima anavyojiwekea maneno. Katikati, ndani ya pipa lililokatwa, ulisimama mnyaa, vijiti vitupu vya kijani vilivyosukana hadi kumpita kimo. Aliichanganyia mchanga na kokoto kwa mikono yake, akavitoboa vyungu matundu, kisha akainyima maji kwa nidhamu ya mlezi mkali. Upande wake wa paa haukuwa na ndoo wala bomba, na hilo alijivunia.

"Mmea wa namna hii ukiubembeleza unaoza," alipenda kumwambia binti yake. "Upe jua, upe mchanga, uache."

"Ndivyo ulivyonilea, baba?" binti alimjibu siku moja. Walicheka wote wawili, ingawa hakikuwa kicheko kimoja.

Upande wa pili wa paa ulikuwa wa dobi, mwanamke aliyehamia ghorofa ya juu baada ya mvua kubwa zilizopita. Shuka zake zilidondoshea vyungu maji. Mnyaa nao uliinamia kamba zake. Kwa hayo mawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Jioni iliyotangulia dobi alikuwa amesimama mbele yake, beseni kiunoni.

"Mzee, nakuomba tena. Huu mti ukate, au nitauondoa mwenyewe."

"Mama, nguo zako ndizo zilizoufuata mti. Mti haukuzifuata nguo."

"Sisemi habari ya nguo."

"Unasema habari ya nini basi?"

Dobi alimgeuzia mgongo, akashuka ngazi. Fundi alilala na maneno yale, akaamka nayo: kama ni kukatwa, angeukata mwenyewe. Binti alipoondoka kwenda kazini, yeye alipanda juu na kisu, bila miwani wala glavu, akaanza kuukata mti kama anayemkata mtu kauli. Hasira hasara, wahenga walisema. Methali hiyo aliijua vizuri, kama watu wengi wazijuavyo methali: kwa ajili ya wengine.

Sasa alitambaa. Alitafuta ngazi kwa kupapasa, akashika dungusi, akapiga yowe, akageuka asijue alikogeukia. Aliyeweza kulitambua kwa jicho gurudumu la saa dogo kuliko punje ya mtama hakujua tena kusini wala kaskazini ya paa alilolikanyaga kila siku. Akanyoosha mkono mbele, na mkono ukashuka. Hapakuwa na kitu chini yake.

"Usisogee! Mzee, uko ukingoni!"

Mkono ulimkamata ukosi, ukamburuta nyuma kwa nguvu za mtu aliyezoea kukamua mablanketi.

"Ni mnyaa?"

"Macho yangu! Macho yangu, mama!"

"Usiyaguse! Lala chali."

Maji yakamjia usoni, baridi, mengi, beseni zima. Alijikunja, akapiga mateke. Dobi akamkandamiza mkono kwa goti, akambandua kope kwa kidole gumba, akaendelea kumimina.

"Fumbua!"

"Siwezi!"

"Utaweza. Ukifumba unaufungia moto ndani."

Kisha akageuka kuelekea ngazini, akapaza sauti hadi ikapasuka. "Mdogo wangu! Maji! Yale safi ya kusuuzia, yalete yote!"

Fundi alimjua huyo mdogo wake. Mwanamke mtu mzima, mrefu, mwenye maringo. Mara kadhaa walikuwa wamepishana ngazini. Yeye alimsalimu kwa kutikisa kichwa, kama alivyosalimu kila mtu, na yule dada akabaki ameegemea ukuta, uso juu, hata kupepesa hakupepesa. Tangu hapo alimweka katika kundi la watu wasiostahili salamu.

Hatua zilipanda, nzito kwa ndoo, zikasita kwenye kizingiti.

"Uko wapi, dada?"

"Hapa. Fuata sauti yangu. Kulia kidogo, kuna chungu. Haya, njoo moja kwa moja."

Katikati ya maumivu, maneno hayo yalimgonga fundi kuliko moto. Fuata sauti yangu. Alilala pale akitiririkwa na maji masikioni, kifua kikimpanda na kushuka, na kitu ndani yake kikawa kinakataa kuelewa kile alichokwisha kuelewa.

"Kwa nini afuate sauti?" aliuliza.

Maji yalikatika kidogo, kisha yakaendelea.

"Alikuwa mtoto," dobi alisema. "Alikuwa akivunja vijiti vya mnyaa, anachezea. Mama alimfuta kwa kanga kavu, maana maji yalikuwa mbali. Mimi ndiye niliyetumwa kuyachota. Nilikimbia, mzee. Nilikimbia kweli."

Mahali fulani chini gari lilipiga honi, na shuka moja ikapiga kofi hewani.

"Hukuniambia," fundi alisema. "Ungeniambia."

"Nilikuambia uukate. Mengine ningeyasimulia ngazini, kwa mtu anayetikisa kichwa badala ya kusalimu?"

"Kumbe huwa anatikisa kichwa?" mdogo mtu aliuliza. Sauti yake haikuwa na kinyongo, ila mshangao mtupu. "Mimi nilidhani ana maringo."

Fundi alitoa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua kama ni kicheko au kilio. Dobi akamwinamisha kichwa upande wa pili, akaomba ndoo nyingine.

Hospitalini daktari alimchunguza kwa taa asiyoiona, akampaka dawa, akamfunga bendeji. "Aliyekuosha ndiye aliyekutibu," alisema. "Mimi namalizia tu. La kulia lina matumaini. La kushoto tungoje." Binti alifika akihema, akasimama mlangoni, na baba mtu akasikia mkoba ukianguka sakafuni. Hakumwambia asilie. Alinyoosha mkono gizani na kumwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka.

Siku za bendeji aliletewa chakula, akashikwa mkono kwenda msalani, akasomewa magazeti. Alibembelezwa, kwa kifupi, wala hakuoza. Usiku uliodumu mchana kutwa ulimfundisha kutambua mlango upi umefunguliwa na nani anapita ngazini. Hatua za mdogo wake dobi zilikuwa na mkono ndani yake, kiganja kikisugua ukuta. Siku ya kwanza aliziacha zipite. Siku ya pili alimwambia binti afungue mlango.

"Habari ya asubuhi, dada," alisema kwa sauti.

Hatua zilisimama. "Nzuri, mzee. Leo umesema!"

Bendeji zilipotoka, jicho la kulia liliona. La kushoto liliona kama kupitia kioo kilichopakwa sabuni, na daktari hakuahidi zaidi ya hapo. Nyumbani fundi alivuta kiti hadi kwenye meza yake ya kazi, akaitazama saa iliyolala wazi, mifupa yake midogo ikimetameta, akaifunika kwa kitambaa. Bado hakuthubutu.

Mnyaa ulikuwa umekwisha kung'olewa. Binti alikuwa ametafuta watu wenye glavu na miwani. Siku fundi alipopanda tena juu, alimkuta mdogo wake dobi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akikunja foronya.

"Mzee, nikuulize kitu. Hii mimea yako mingine, ipo inayoshikika?"

Fundi alizunguka vyungu taratibu, akapita shubiri, akapita dungusi, akarudi na kijimea kimoja chenye majani manene yenye vinyweleo laini. Akauchukua mkono wa dada, akauweka juu ya jani.

Dada alishtuka, akaurudisha mkono, kisha akaunyoosha tena mwenyewe. "Kama sikio la kitoto cha mbuzi," alisema. Vidole vyake vilipanda, vikakutana na kikonyo chembamba, na juu ya kikonyo, kitu kidogo. "Na hiki?"

"Ua." Fundi alikuwa hajaliona. Mmea huo haukuwahi kumchanulia.

"La rangi gani?"

Alikaribia kujibu, kama alivyozoea kujibu. Badala yake akapiga magoti, akalifumba jicho la kushoto, akasogeza uso hadi pumzi yake ikalitikisa ua.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nilitazame."